Tuliposoma "Mzimu wa Watu wa Kale"



Kabla ya majira ya baridi kuanza tuliwaarifu katika jarida hili kwamba jioni za Jumamosi tungekaa katika ukumbi wa jumuiya yetu, wakubwa kwa wadogo, tusome kitabu kimoja cha Kiswahili kwa sauti mpaka kiishe. Tuliahidi pia kuwaletea habari za kikao hicho wale ambao kazi za usiku, masafa au baridi ya Uingereza ingewazuia kufika. Kitabu kimekwisha, na ahadi ni deni.

Tulichokichagua ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla. Tulikichagua kwanza kwa sababu ya ubinafsi: ndicho kilichotunyima usingizi sisi wenyewe katika miaka ya 1970, tukikisoma kwa mwanga wa kandili huku tukiogopa kunyoosha mkono kuipunguza tambi. Pili, tulitafuta kitabu ambacho kijana wa miaka 14 hangekiweka chini ili atazame simu yake, na katika kabati letu hatukuona kingine cha kutegemewa zaidi.

Nakala ilikuwa moja tu, tena iliyopoteza jalada la nyuma. Mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri tuitoe fotokopi kama tunavyolitoa jarida hili. Tulikataa. Jarida ni letu, lakini kitabu ni jasho la mtu na haki ya warithi wake. Basi tukasoma kwa zamu, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na kitabu kikawa kinazunguka ukumbini kama kikombe cha kahawa.

MWANDISHI NA KITABU CHAKE

Kwa faida ya wale wasiomjua, Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alihamia gazeti la Mkulima la Tanganyika, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Hadithi hii ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Ili kuuelewa mshangao wa wasomaji wa siku zile, yafaa kukumbuka walichokuwa wamekizoea. Miaka tisa tu kabla yake Shaaban Robert alikuwa ametoa "Kusadikika", hadithi ya nchi isiyoonekana katika ramani yoyote. Msomaji wa nathari ya Kiswahili alizoea nchi za kufikirika, wafalme na mafunzo. Ghafla akaletewa Unguja aijuayo, yenye mashamba na watu wake, na maiti katikati yake.

Tajiri mmoja mwenye shamba, Bwana Ali, anauawa, na maiti yake inakutwa katika mzimu. Anayeitatua kadhia hiyo ni Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko chake, akifuatana na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Zaidi ya hapo hatusemi. Kuna wasomaji wetu ambao hawajakisoma, na kumtaja muuaji kwa mtu ambaye hajakisoma kitabu ni dhuluma.

MZIMU NI NINI HASA?

Vijana walipolisikia jina la kitabu walicheka. Wao wamezoea filamu ambazo damu hutapakaa mpaka kwenye dari, na walidhani kitabu cha mwaka 1960 hakiwezi kumtisha hata paka. Mvulana mmoja aliuliza kama mzimu ni zombi. Akajibiwa na mzee wetu mmoja wa Unguja, ambaye amepata kuwaona mazombi katika televisheni ya wajukuu zake:

"Hapana, mjukuu wangu. Zombi ndiye anayekufuata wewe. Mzimu huufuata mwenyewe kwa miguu yako, tena umeubebea mayai."

Ukumbi ulicheka, lakini jibu lilikuwa sahihi kuliko maelezo yote tuliyokuwa tumeyaandaa. Mzimu ni mahali: pango, mti mkubwa, gofu la jengo la kale. Watu huamini kuwa roho za waliotangulia zinakaa hapo, na mwenye shida huenda na ubani, mayai, vitambaa na nadhiri yake. Makunduchi alikozaliwa mwandishi ni katika sehemu zinazojulikana kwa mila hizo mpaka leo. Mzee wetu alituambia kuwa alipokuwa mtoto palikuwa na mzimu katika njia ya kwendea kisimani, na kwamba kila alipoupita aliushusha mtungi kichwani, akaukumbatia kifuani, akatembea bila kugeuka.

Mwalimu hastaafu kabisa, na sisi hatukuweza kuiacha fursa ile ipite. Tuliwauliza watoto: tuseme "mzimu amekasirika" au "mzimu umekasirika"? Karibu wote walisema "amekasirika", kwa hoja kwamba kinachokasirika lazima kiwe hai. Hoja nzuri, lakini wazee wote walisema "umekasirika", bila ya mmoja wao kufikiri. Lugha imeuweka mzimu pamoja na mti, mto na mlima, kwa kuwa mahali na kinachokaa mahali hapo vinabeba jina moja. Kutoka hapo tulikwenda kwenye jamaa zake: kuzimu, wanakokwenda wafu, wazimu, maradhi ambayo wahenga waliyanasibisha na mizimu, na zimwi la hadithi za bibi. Tuliandika maneno 40 na zaidi ubaoni katika majuma ya kwanza mawili, na hakuna aliyelalamika kuwa lile ni darasa.

BAHASHA ZA SIRI

Tulipofika takriban nusu ya kitabu, ilitubidi tusimame kwa majuma mawili ya likizo. Tukampa kila mhudhuriaji bahasha na kipande cha karatasi, aandike jina la anayemdhania kuwa muuaji, aifunge, aweke jina lake juu. Bahasha 21 ziliingia katika bati tupu la biskuti, na bati tukalichukua nyumbani.

Hatukujua kwamba tunajitafutia balaa. Mama mmoja alitupigia simu saa nne za usiku. Baada ya salamu ndefu na maswali juu ya magoti yetu, akasema ana swali dogo tu. Tulikwisha kulijua swali lenyewe, tukamwambia asubiri Jumamosi. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake. Ndugu wawili waligombana nyumbani kwa kuwa mkubwa alidai amelijua jina na mdogo akamtuhumu kwamba amekipata kitabu kwa siri. Si kweli, kitabu kilikuwa chini ya mto wetu.

Habari iliyotufurahisha zaidi tulipewa na baba mmoja ambaye huendesha teksi na hakupata nafasi ya kuhudhuria hata mara moja. Binti yake ana miaka 13. Kwa miaka mingi baba humsemesha Kiswahili naye humjibu Kiingereza, na mazoea yamekuwa sheria. Jumamosi moja alipokuja kumchukua, alimwuliza mmesoma nini leo. Binti akaanza kusimulia, na akasimulia njia nzima kwa Kiswahili, dakika 20, akisimama hapa na pale kutafuta neno. Walipofika mlangoni baba hakuizima gari mpaka hadithi ilipofika mwisho wa sura. "Sikumwambia kitu," alitueleza. "Nilichelea nikimsifu ataacha." Tukamwuliza binti mwenyewe kwa nini safari hii hakusimulia kwa Kiingereza. Alishangaa, kama mtu anayeulizwa kwa nini ametembea kwa miguu. Alisema hadithi aliisikia kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza hakuijua.

WALIOKUWA NA LAO LA KUSEMA

Si wote waliokipenda kitabu. Katika juma la tatu tulipokea barua fupi kutoka kwa mama mmoja, na kwa idhini yake tunaitoa hapa: "Mwalimu, shikamoo. Nilimleta mwanangu ajifunze lugha. Sikumleta afundishwe mizimu, na tangu Jumamosi halali peke yake. Dini yetu yatosha. Naomba radhi kama nimekukosea."

Aliyekosea ni sisi. Mtoto yule ana miaka tisa, na ilitupasa kuwauliza wazazi kabla ya kuanza. Tulimwendea, tukamwambia hivyo. Hata hivyo tulimweleza pia kwamba Bwana Msa hauogopi mzimu; kazi yake katika kitabu ni kuuliza yale ambayo wengine hawathubutu kuyauliza. Mama alitusikiliza kwa adabu na hakubadilisha rai yake. Mtoto alikaa nyumbani majuma mawili.

Aliyemrudisha hakuwa sisi. Alikuwa ni baba mmoja wa Kipemba, jirani yake, aliyemsimulia habari za mwaka 1995. Wengi wenu mnazikumbuka. Mwaka ule hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wazima waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha. "Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu," alisema, "na nililala katikati, nikawaacha wazee pembeni. Leo naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa." Katika hofu ile, mjini Unguja, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa mwenyewe, na kundi la watu likamuua. Alikuwa mgonjwa, hana kosa lolote. "Lau kila mtaa ungekuwa na Bwana Msa mmoja wa kusema ngojeni kwanza," alisema baba yule, "mtu yule angekuwa hai."

Juma lililofuata mama alikuja na mwanawe, akaketi karibu na mlango, mtoto ubavuni pake. Alituambia wazi kuwa hajabadilisha fikra zake juu ya kuwasomea watoto mambo ya mizimu, ila amekuja kuhakikisha kwamba kinachosomwa anakisikia yeye mwenyewe. Tulimkaribisha kwa mikono miwili. Laiti kila mzazi angepinga kwa namna hiyo.

Upinzani wa namna nyingine tuliupata kwa msichana anayesoma fasihi katika chuo kikuu hapa Uingereza. Yeye alisema kitabu kinasisimua lakini ni mwigo. Bwana Msa, alisema, ni Sherlock Holmes aliyevalishwa nguo za kwetu: kiko kilekile, rafiki yuleyule wa kumshangaa, na tabia ileile ya kuficha anayoyajua mpaka dakika ya mwisho ili sisi wengine tuonekane wajinga. Hatukuweza kumpinga kwa hilo la kuficha, kwani lilitukera sisi pia tulipokuwa na umri wake. Kuhusu mwigo tulimwomba alete kitabu kimoja cha Arthur Conan Doyle, "The Hound of the Baskervilles", kilichotoka kwanza kwa vipande katika jarida la The Strand mwaka 1901 na 1902. Vijana kadhaa walikwisha kukisoma shuleni. Humo wenyeji wa Dartmoor, katika nyika yenye ukungu huko Devon, wanaamini kuwa ukoo fulani umelaaniwa na unaandamwa na jibwa la kishetani. Mtu anapokutwa amekufa, kila mmoja tayari analo jibu.

Tukauliza: mzimu wa Unguja na jibwa la Devon vinafanya kazi gani katika hadithi? Msichana yule yule ndiye aliyejibu, na tuliipenda insafu yake. Alisema kwamba vyote viwili vinawapa watu jibu kabla hawajauliza swali, na aliyeua hahitaji pazia zuri kuliko hilo. Kisha akaongeza kwamba huenda Abdulla hakuiga. Huenda aliitambua hila ile kwa sababu aliiona kwao. Tuliikumbuka ile miaka kumi aliyokuwa mkaguzi wa afya. Mtu ambaye kazi yake ni kutafuta chanzo cha maradhi katika mifereji na mabirika hawezi kuridhika akiambiwa ni amri ya mzimu.

Ndugu yetu mmoja wa Kilifi alitoa tahadhari inayostahili kuandikwa. Alisema anachelea vijana watoke hapo wakidhani kila mahali pa kale pa heshima ni ujinga mtupu. Akatukumbusha misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miti ile mikubwa imesimama kwa kuwa wazee walikataza shoka lisiingie humo, na katazo lilishikika kwa sababu watu waliogopa. Hofu iliyoulinda msitu si sawa na hofu iliyomficha muuaji, alisema, na mwenye akili azitenganishe. Mzee wetu wa Unguja alimpa mkono.

MAMA WA SHINYANGA

Tunafika sasa mahali ambapo tuliposimama, tuliweka kitabu chini na hatukusoma tena jioni ile.

Miongoni mwetu yuko mama mmoja wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga. Yeye huketi nyuma, na zamu yake ikifika husoma polepole, kwa kuwa Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Kwa vikao vingi hakutoa maoni. Jioni ile vijana walikuwa wakibishana juu ya swali moja: kwa nini mtu akutwe ameuawa katika mzimu, wakati shamba zima lipo? Mmoja alisema muuaji alitaka kujificha. Mwingine alisema hapana, pale maiti itaonekana tu. Mama akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mahali pa woga hapaulizwi maswali," alisema.

Kisha akatusimulia. Mama yake mkubwa alikuwa mjane, na alikuwa na macho mekundu. Sababu ya macho mekundu inajulikana: miaka 50 ya kupika jikoni kusiko na dirisha, kwa moshi wa kuni, na kuni zilipokosekana kwa moshi wa samadi ya ng'ombe. Katika nyumba ya jirani mtoto alishikwa na homa, akafa. Wakaenda kwa mpiga ramli, naye akasema ni kazi ya mwanamke mzee, mwenye macho mekundu. Jina hakulitaja, na hakuhitaji kulitaja. Usiku mmoja watu walikuja na mapanga.

"Kijiji kilisema, ni mambo ya uchawi hayo, msiyafuate," alisema mama. "Tukazika. Mvua za kwanza zilipokuja, shamba lake lilikuwa linalimwa. Aliyekuwa analima alikuwa katika wabebaji wa jeneza."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mvulana wa miaka 12, kwa adabu kubwa, aliuliza: "Shangazi, polisi hawakuja?"

"Walikuja, mwanangu. Wakauliza. Hakuna aliyeona kitu."

Tunaandika habari hii kwa ridhaa yake, naye ametuomba tusiitaje familia wala kijiji. Mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza yamejulikana kwa miongo mingi, na waliochunguza wameziona mara kwa mara sababu hizohizo: maradhi yasiyoelezwa, ramli, macho mekundu ya moshi, na nyuma ya yote hayo, mara nyingi, kipande cha ardhi na urithi wa mjane. Sheria haikukosekana. Tanganyika iliwekewa sheria ya kukataza mambo ya uchawi tangu mwaka 1928, na kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi kumehesabiwa kosa miaka yote hiyo. Kilichokosekana usiku ule ni shahidi mmoja asiyeogopa.

Wala tusijidanganye kuwa mambo haya tumeyaacha ng'ambo ya bahari. Mwaka 2010, siku ya Krismasi, mvulana wa miaka 15 aliuawa hapa London na watu wa nyumba moja naye, jamaa zake, walioamini kuwa ana uchawi. Familia ilikuwa ya asili ya Kongo, wageni katika nchi hii kama sisi. Wauaji walihukumiwa mwaka 2012. Mtoto yule alikuwa amekuja kutembea tu kwa sikukuu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila nyumba inayolipokea jarida hili. Ukisikia mtoto anaambiwa kuwa ana pepo kwa sababu anakojoa kitandani, au kwamba ukosefu wa kazi wa baba yake umeletwa na yeye. Ukisikia kuwa mtoto amefungiwa, amenyimwa chakula au anapigwa ili "atolewe" kitu, usiseme ni mambo ya watu. Sema na mwalimu wake, na daktari, na polisi. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo kwetu tufuatane. Hatutakuuliza kabila wala dini, na jina lako halitatoka kwetu.

JINA NDANI YA BAHASHA

Jumamosi ya mwisho ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Walikuja hata ambao hawakusoma ukurasa mmoja, wakidai wamesimuliwa. Zamu ya mwisho tulimpa yule binti wa dereva wa teksi, na baba yake alikuwa amesimama nyuma, ameacha kazi kwa saa mbili. Binti alisoma bila kukwama. Jina la muuaji lilipotajwa, mtu mmoja alipiga meza, na yule mama wa simu ya saa nne akasema kwa sauti, "Nilijua!" Bahasha yake ilipofunguliwa ilionekana kuwa hakujua.

Katika bahasha 21, nne tu ndizo zilizokuwa na jina sahihi. Moja ilikuwa na karatasi tupu. Mbili zilikuwa na neno "mzimu", na zote mbili zilikuwa za watu wazima. Hakuna mtoto aliyeandika hivyo. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya mzee wetu wa Unguja, aliyejitetea kwa kusema: "Niliandika kwa heshima. Nikimkosea Bwana Msa atanisamehe. Mzimu sina hakika nao."

Katika zile nne sahihi, moja ilikuwa ya mama wa Shinyanga. Vijana walimzunguka wakitaka kujua alikitambua vipi kitu ambacho msomi wa chuo kikuu hakukitambua. Alisema hakutumia elimu yoyote. Aliufuta mzimu kwanza, wakabaki watu, akawatazama mmoja mmoja kwa karibu. Mzee wetu akaitikia kwa methali tuliyoisikia tangu utoto bila kuipima uzito: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mama akatikisa kichwa. "La kwetu lilitujua," alisema, "na lilikula likamaliza." Hatuna la kuongeza.

Yule mama aliyekuwa ameketi karibu na mlango alikuja mezani wakati watu wanavaa makoti. Alisema mwanawe sasa analala peke yake, ila taa ya ukumbini lazima iwake. Kisha akauliza kitabu kijacho ni kipi, ili akisome yeye kwanza.

Kitabu kijacho, inshallah, ni "Kisima cha Giningi" cha mwandishi huyohuyo, kilichotoka mwaka 1968. Waliokulia Unguja na Pemba wanajua kuwa Giningi ni ule mji wa siri ambako, kwa mujibu wa hadithi za usiku, wachawi hukutana. Safari hii tumejifunza: mzazi ataulizwa kwanza, na mtoto aliye chini ya miaka kumi ataketi na mtu wake. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na moja za jioni. Mwenye nakala ya kitabu na ajitokeze, kwani hatunayo. Bati la biskuti tunalo tayari.